Kama Mpya

Sidi alizikwa Jumamosi, kwao Kaloleni, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Bintiye, Neema, ndiye aliyenipigia simu. Hatukuwahi kuonana, lakini alinisalimia kwa shikamoo ya mtu anayenijua, akaniambia kwamba mamake alikuwa akinitaja mara kwa mara, kwamba mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake hasa, na je, ningekubali kuzungumza machache kwa niaba ya marafiki wa ujana? Nilimjibu kwamba sauti imenikauka kwa kifua, na ilikuwa kweli kidogo. Nikaenda, nikaketi nyuma, karibu na wanawake waliokuwa wakikuna nazi za wageni. Mhubiri alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa amana. Alishika funguo za stoo za watu maisha yake yote, na hakuna siku hata kijiko kimoja kilipungua. Watu wakaitikia amina. Mdomo wangu ulifunguka kwa mazoea, lakini neno halikutoka. Mwanamke mmoja wa nazi akanitazama, akadhani kilio kimenikaba, akanipa leso yake. Niliishika mpaka mwisho wa maziko, nikamrudishia ikiwa kavu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiurudia mwaka mmoja wa maisha yangu, mwaka wa katikati ya miaka ya themanini, wakati gari la kutoka Mombasa kwenda Malindi lilikuwa bado likivushwa kwa feri pale Kilifi. Ya kabla yake, na jinsi msichana wa Kigiriama alivyokuja kushika lehemu badala ya jembe, nitayaacha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Mimi na Sidi tulikuwa tumepanga chumba kimoja Muyeye, kwa Bi Rukia, mjane wa mjini aliyeamini kwamba wasichana wanaofanya kazi hotelini wanahitaji kuchungwa kuliko mbuzi. Tulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, tukilala mzungu wa nne, miguu yake kwenye mto wangu. Ukuta uliotutenga na Bi Rukia ulikoma kimo cha mtu. Juu yake palikuwa hewa tupu mpaka kwenye makuti, hivyo yeye alijua tulichokula na sisi tulijua alichoota. Asubuhi alitupitishia mahamri na mbaazi juu ya ukuta, kwa bakuli, na sisi tukarudisha bakuli lile jioni likiwa na chochote, kwa sababu alitufundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sidi alipika, mimi niliosha. Alikuwa na mkono wa nazi; tui lake halikukatika kamwe, hata la mchicha wa jana. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na alipotaka kusema jambo zito alikuwa akishusha sauti badala ya kuipandisha. Nilimpenda kama mtu anavyompenda dada aliyemchagua mwenyewe.

Kazi ni yeye aliyenipatia. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya ufukweni, na bwana mwenye hoteli alikuwa na nyingine Kilifi, ng'ambo ya feri. Stoo ya Malindi ndiyo iliyozilisha zote mbili. Siku moja alisikia gereji ya hoteli inatafuta mtu wa umeme wa magari. Akamwambia fundi mkuu kwamba anamjua mtu, bila kusema kama mtu huyo ni mwanamke. Nilipofika, Fundi Maina, mtu wa bara aliyekuwa na tumbo la uji na roho ya upole, alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kama anayemngoja huyo mtu mwenyewe afike. Hakunifukuza. Alinionyesha gari la meneja, akasema erio yake imekwama wiki tatu, kila mtu ameshindwa. "Ukitoa hiyo, utakaa," akasema. "Ukiharibu, hatujuani."

Wasomi huita antena. Sisi tulisema erio. Enzi zile gari la mtu mkubwa lilikuwa na erio ya mota. Ukiwasha redio, fimbo inayong'aa ilijitoa yenyewe kwenye madigadi, bati lile la juu ya gurudumu, mrija juu ya mrija, mpaka ikasimama wima, ukizima, ikajirudisha. Ndani ya madigadi palikuwa na sanduku dogo lenye mota, na uzi mgumu wa nailoni wenye meno, uliosukumwa na gia. Kilikuwa kitu kizuri sana kwa nchi isiyo na bahari. Kwetu, upepo uliileta chumvi na mchanga, vikajibana kati ya mrija na mrija, fimbo ikagoma, na mota ikaendelea kusukuma mpaka meno ya uzi yakalika. Utaisikia ikilalamika chini ya madigadi, krr, krr, kama panya katika debe. Madereva, kwa kudhani wanaisaidia, walikuwa wakiipaka grisi, na grisi ndiyo iliyoukamata mchanga wote wa Malindi ukawa kama saruji. Tiba yake ni kinyume cha wanavyofikiri watu. Fimbo haitaki kupakwa. Inataka kupanguswa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha ikaushwe. Na ule mpira mdogo wa kutolea maji chini ya sanduku uzibuliwe, maana ukiziba, mota inakaa ndani ya maji ya mvua mpaka inaoza. Mkono wa Fundi Maina haukuweza kupita nyuma ya gurudumu. Wangu ulipita mpaka begani. Nilitoa erio ya meneja nzima nzima, nikailaza katika mafuta ya taa usiku kucha, kesho yake nikaizungusha polepole kwa kipande cha ngozi, si kwa koleo, kwa sababu mirija ile ni myembamba na koleo huiminya. Ilipoachia, nilihisi katika vidole kabla ya kuiona. Nikaing'arisha kwa dawa ya meno. Fundi Maina alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa hii gari inapiga mswaki," akasema, na kuanzia siku ile gereji nzima ikajua kwamba erio ikinukia mnanaa, ni ya Dama.

Lakini nilikuwa kibarua tu. Kila mwisho wa wiki niliambiwa nije tena Jumatatu, na kila wiki niliogopa Jumatatu isije bila mimi. Nilichokitaka mwaka ule, kuliko mume, kuliko kitu chochote, ni kuandikwa kazi ya kudumu, niwe na ovaroli yenye jina la hoteli mgongoni. Sidi alilijua hilo kwa sababu nilimwambia tukiwa tumelala, miguu yake masikioni pangu. Muda mfupi baadaye akaja na kikapu chenye erio tatu zilizokwama, zimefungwa kwa gazeti. Aliniambia zimetoka kwenye magari ya Kilifi, kwamba meneja ameamua zile mbovu zitengenezwe ziwekwe akiba, na kwamba ni heri nizifanyie nyumbani. Huko gerejini, alisema, wanaume watasema kazi ni yao. Hapa tutajua ni ya nani, naye atazirudisha stoo na kumweleza meneja kwa wakati unaofaa, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba mtu wa namna hii hafai kuachwa kibarua.

Basi Jumapili zetu zikawa za erio. Nilitandika gunia uani, nikafungua masanduku, nikasugua gia kwa mswaki mkuukuu, nikalehemu nyaya zilizokatika, nikachukua uzi mzima wa erio iliyokufa nikaupa ile yenye uhai. Fimbo iliyopinda niliiviringisha juu ya kioo mpaka ikalala sawa. Dawa ya meno ilitumika nyingi hata Sidi akanung'unika kwamba kinywa chake sasa kinaoza kwa ajili ya magari ya watu, lakini alileta nyingine. Alikaa kando yangu akichambua mchele kwenye ungo, na wakati mwingine akanishikia fimbo huku nikiusukuma uzi ndani. Bi Rukia alipita na birika lake, akatutazama, akasema wallahi hajawahi kuona wasichana wakiposwa na vyuma. Hakuna wakati katika maisha yangu niliokuwa na furaha kama ule. Nalisema hilo bila kulipamba, kwa sababu ndilo linaloniuma: furaha yenyewe ilikuwa ya kweli. Mimi nilikuwa ndani yake nzima nzima. Sijui mwenzangu alikuwa wapi.

Sidi alikuwa na mchumba, au mtu aliyemwita hivyo, Bwana Sudi, mwuza spea wa Mombasa aliyevaa saa kubwa na kuongea kama aliyechoka. Alikuja Jumapili mbili tatu kwa mwezi, akaletewa maji ya kunawa, akala, akaondoka na furushi ambalo nilidhani ni nazi na maembe ya kwao Sidi. Alasiri moja kichwa kiliniuma kwa harufu ya mafuta ya taa, nikajilaza chumbani. Wao walikuwa jikoni uani, upande wa pili wa makuti, wakidhani nimelala. Nilimsikia Bwana Sudi akiuliza kama zile nyingine zi tayari. Sidi akajibu kwamba mbili zi tayari, na zilizobaki ni kesho kutwa. Bwana Sudi akauliza kama zinafanana.

"Zinafanana nini?" Sidi akasema. "Dama anazifanya kama mpya. Hata aliyeziunda hatajua."

Nililala pale nikitabasamu kwenye mto. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu nikiwa sipo. Sifa ya usoni ina shaka ndani yake, pengine mtu anakuonea huruma, pengine anataka kitu. Lakini hii ilisemwa mbali nami, kwa mtu mwingine, jikoni. Niliamka kichwa kimepona. Jioni ile niliosha vyombo vyote, hata sufuria yenye ukoko, nikiimba. Nimekaa na maneno yale miaka zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimesikia kila kitu. Nilikuwa nimeambiwa mpango wote, neno kwa neno, na mtu aliyekuwa akiutenda, nami nikaupokea kama zawadi.

Ijumaa moja ya msimu wa wageni niliitwa ofisini kwa meneja. Nilinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga. Njiani nilimwona Sidi naye akiitwa kutoka stoo, na moyo wangu ukaruka, kwa sababu nilijua basi ndiyo siku yenyewe, amekwisha kunisemea. Ndani alikuwa meneja, Mtaliano mfupi aliyekijua Kiswahili kuliko alivyopenda tujue, na Fundi Maina amesimama karibu na dirisha ameshika kofia. Juu ya meza palikuwa na boksi la erio, jipya, na erio yake kando imefunguliwa. Meneja akaivuta fimbo mpaka mwisho, akanionyesha kwenye maungio ya mirija mstari mwembamba mweupe. Akauliza kama naijua kazi ile. Nikainusa, ingawa haikuhitajika.

"Naijua, bwana," nikasema. "Ni yangu."

Nililisema kwa fahari. Nilisimama wima, mikono nyuma. Meneja akauliza tena, polepole, kama anayetaka kuwa na hakika: ni mimi niliyeitengeneza? Nikasema ni mimi, na zipo nyingine. Hapo ndipo alipoeleza, na alieleza akimtazama Fundi Maina, si mimi. Hoteli ya Kilifi ilikuwa ikiomba erio mpya kutoka stoo, nayo ikapelekewa erio kwenye maboksi mapya. Moja haikukaa vizuri kwenye tundu lake, fundi wa kule akaifungua, akakuta lehemu ya juzi, uzi wa erio nyingine, na harufu ya dawa ya meno. Wakafungua zote. Zote zilikuwa kuukuu. Sasa mpya, zilizonunuliwa na kuletwa kutoka Nairobi, ziko wapi?

Niligeuka kumtazama Sidi. Sikugeuka kwa kumshuku. Naapa sikuwa bado nimefika huko. Niligeuka kama unavyomgeukia mwenzako mkiulizwa njia, ili aseme, maana yeye ndiye aliyezileta na kuzirudisha. Alikuwa amekunja mikono kifuani. Akashusha sauti.

"Bwana, aliniomba ufunguo wa stoo," akasema. "Nilimpa mara mbili. Tunaishi chumba kimoja, nilimwamini. Kosa langu mimi ni hilo tu."

Niliyakumbuka maneno ya jikoni papo hapo, na yaligeuka ndani yangu kama samaki anavyogeuzwa kwenye kikaango. Zinafanana. Kama mpya. Na lile furushi la Bwana Sudi halikuwa nazi. Nilifungua kinywa nikamwita jina lake, nalo ndilo neno pekee nililolisema. Watu wameniuliza, wachache niliowasimulia, mbona sikujitetea. Kujitetea kunataka uwe umesimama mahali. Kila nilichokuwa nimesimamia chumbani mle kilikuwa ni yeye: kazi ni yeye, chumba ni yeye, ushahidi kwamba erio zililetwa kwa kikapu na kuondoka kwa kikapu ni yeye. Na mimi nilikuwa nimekwisha kusema, kwa mdomo wangu na kwa fahari, kwamba kazi ni yangu.

Meneja aliita polisi, nami nikakaa rumande Ijumaa ile mpaka Jumatatu, chumba cha wanawake, sakafu ya saruji, pamoja na mama mmoja aliyekamatwa na tembo lake la mnazi. Yeye alinipa nusu ya kanga yake nijifunike na hakuniuliza lolote. Jumapili Fundi Maina alikuja na mkate na chai kwenye chupa ya soda. Alichuchumaa upande wa pili wa nondo, mtu mzima na tumbo lake, akasubiri ninywe.

"Mimi najua si wewe," akasema. "Mtu mwizi haambii meneja 'ni yangu'."

Nikamwambia basi aseme hivyo, mbele ya meneja, maneno yale yale. Akasema yeye ni mtu wa kuja, hapa pwani hana ndugu. Karani wa stoo ana sahihi ya kila kitu kinachoingia na kutoka gerejini, na akimgusa huyo, kesho itakosekana betri au gurudumu na jina litakuwa Maina. Ana watoto shuleni. Akaniambia nina mikono mizuri, nitapata kazi nyingine. Alichukua chupa yake akaenda, na nilimwona akisimama nje kwenye jua kwa muda, kama aliyesahau kitu, kabla ya kuondoka. Sikumchukia. Lakini nilijifunza Jumapili ile kwamba mtu anaweza kukujua kuwa u safi, akakuletea mkate, na akakuacha pale pale.

Jumatatu mchana meneja aliondoa mashtaka. Wageni walikuwa wamejaa na hakutaka habari zimfikie mwenye hoteli huko kwao. Niliambiwa nisionekane tena langoni. Nilitembea mpaka Muyeye nikiwa na ovaroli ile ile ya Ijumaa, na Bi Rukia alikuwa mlangoni akisuka ukili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula, kisha akaacha ukili wake. Alisema ameomba dua kila sala. Nikamwambia sikuiba. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa mwanzo, akasema polepole:

"Mimi nilikuwa nikiwasikia, mwanangu. Yule mwanamume na Sidi. Ukuta wenyewe unauona. Nilidhani mko pamoja nyote wawili. Nikasema, watoto wa watu wanajitafutia, Rukia, nyamaza."

Basi hata yeye alijua. Mahamri yalipita juu ya ukuta kila asubuhi kutoka kwa mtu aliyeniamini kuwa mwizi, na akanipenda hivyo hivyo. Sijui mpaka leo niuweke wapi wema wa namna hiyo.

Niliketi kitandani kumngoja Sidi. Alikuja saa za kawaida, na mkoba wake na samaki kwenye kifuko. Aliponiona alisimama kidogo, akasema, "Umetoka," akaweka mkoba chini, akavaa kanga ya jikoni. Nilimsikia akikuna nazi. Nilisikia tui likimiminwa. Nilikaa na hasira yangu nikiipanga kama mtu anavyopanga nguo za safari, na wakati huo huo harufu ya samaki wa kupaka ilinijaza mate, kwa sababu tangu Ijumaa sikuwa nimekula ila ule mkate. Aliandaa wali na samaki kwenye sahani mbili, yangu ikiwa na kipande cha kichwa, ninachokipenda. Akaketi mkekani. Ndipo aliposema, na hakuonekana kuona haya. Alionekana kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu na kuridhika nayo.

"Ningesema ni mimi, tungefukuzwa sote. Wewe nilikuleta mimi, nani angekubakisha? Hivi amebaki mmoja. Mshahara wangu ni wetu, Dama. Kaa hapa, kula, hutalipa kodi. Mwaka ukiisha watakuwa wamesahau."

"Na jina langu?" nikamwuliza.

Alishangaa kweli. Nilimtazama vizuri, sikuona unafiki. "Jina gani?" akasema. "Wewe kibarua. Nani anakujua?"

Kuna watu ambao wangeimwaga ile sahani. Mimi nilikula. Nilikula wali wote, nikafyonza kichwa cha samaki mpaka mifupa ikawa myeupe, na tui lilikuwa halijakatika. Yeye alidhani tumekubaliana. Niliona mabega yake yakishuka. Alinieleza habari za hotelini, nani amegombana na nani. Nilipomaliza nilikusanya sahani, nikaziosha, kwa sababu kuosha kulikuwa kwangu. Kisha nikachukua bisibisi zangu, spana, lehemu na nguo mbili, nikavifunga. Sidi akaniuliza naenda wapi na kunaingia giza. Sikuwa na deni la jibu. Nililala upande wa Bi Rukia, chini, na asubuhi nikaondoka kabla ya mahamri.

Nilikwenda Kilifi kwa sababu sikuwa na nauli ya mbali zaidi. Nilifika kwenye feri nikaona kile ambacho nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kukiona: magari yamepanga mstari kutoka majini mpaka juu kilimani, injini zimezimwa, madereva wameketi juani wakila korosho, hawana la kufanya, na chumvi ikirushwa juu yao. Erio nyingi zilikuwa zimesimama nusu au zimelala zisiamke. Nilinunua mafuta ya taa kwenye chupa. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu mmoja. Alinicheka, kisha akaniacha nijaribu kwa kuwa feri ilikuwa bado ng'ambo. Redio ilipoanza kuzungumza na fimbo ikapanda, madereva wa nyuma walitoka kwenye magari yao kuja kutazama. Sikuwahi tena kufanyia kazi mahali palipofungwa. Nilizitengeneza pale pale, mwenye gari akiangalia, kila moja ikirudi kwenye gari lake yeye mwenyewe mbele ya macho ya watu, na nikamfundisha kila dereva jinsi ya kupangusa, hata kama ilimaanisha hatanihitaji tena. Wengine waliniona mjinga. Nilikuwa nimekoma kumpa mtu kazi yangu aende nayo gizani. Kazi ile ndiyo iliyonilisha mpaka daraja likajengwa, na baada ya daraja nilikuwa na kibanda changu.

Sidi nilimwona mara moja tu tena akiwa hai, mwisho wa mwaka ule ule. Msimu ulikuwa umechanganya na mstari wa magari ulifika mbali. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gari jeupe, nyuma ya gurudumu la mbele, naupapasa mpira wa maji uliokuwa umeziba. Abiria wa miguu walikuwa wakishuka kwenye feri. Aliponitambua aliuacha umati, akaja akasimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Alikuwa peke yake, amevaa gauni jipya la kijani, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Baadaye nilisikia kwamba Bwana Sudi hakurudi tena Malindi. Sidi aliunyosha mkono, mkono mzima, kiganja wazi, kama tulivyokuwa tukisalimiana asubuhi kila mmoja akienda kazini kwake. Mwenye gari alinitazama, akamtazama yeye. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya madigadi mpaka begani, na vidole vilikuwa vimekwisha kuupata ule mpira na kuanza kuuminya. Ningeweza kuutoa mkono. Mchanga ulianza kudondoka, kisha maji meusi, mengi, yakanilowesha kwapa na ubavu, nami nikaendelea kuminya mpaka yakaja safi.